Jinsi ya kupeleka familia safari Ol Pejeta bila watoto kuchoka saa nne asubuhi: mwongozo kamili

Kila shule zikifungwa napata ujumbe ule ule kutoka kwa wazazi. Tulienda Ol Pejeta, ile hifadhi ya wanyama karibu na Nanyuki, tukazunguka siku nzima, watoto wakalia, tukaona punda milia na mgongo wa faru kwa mbali, pesa ikaenda. Ukiwauliza ratiba yao ilikuaje unakuta waliingia getini saa tano, walitaka kumaliza ramani yote, na gari halikusimama mahali pamoja hata dakika mbili.

Shida iko hapo kwa kusimama. Hii hifadhi ni kama ekari 90,000, huwezi kuimaliza na mtoto wa miaka minne kwa kiti cha nyuma, na hakuna aliyesema lazima uimalize. Huu mwongozo ni wa familia inayojiendesha yenyewe kutoka Nairobi ama miji ya karibu, na inalala angalau usiku mmoja. Kama unapelekwa na kampuni ya utalii hatua ya pili na ya tatu ziruke, zingine bado zinakuhusu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Gari linalofaa. Kiangazi hata gari dogo linapita zile barabara kubwa za ndani ukienda polepole. Mvua ikinyesha sahau, manake sehemu kubwa ya kule ni udongo mweusi, ule unaoshika tairi mpaka inakuwa nene na laini na gari linateleza tu. Wakati wa mvua kodi gari la four-wheel la juu, ama acha gari lako Nanyuki na ukodi Land Cruiser pamoja na dereva wake.

Vitambulisho vya wote. Kitambulisho cha taifa cha watu wazima, na kitu cha kuonyesha umri na uraia wa watoto, hata nakala ya cheti cha kuzaliwa. Bei ya raia na bei ya mgeni hazikaribiani, na getini si mahali pa kuanza kueleza.

Chupa za maji za kujaza tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na maeneo yote yaliyohifadhiwa Kenya: chupa za maji za dukani, sahani, vikombe, vijiko, mirija. Beba mtungi mkubwa wa lita 10 ama 20 na kila mtoto awe na chupa yake ngumu.

Darubini, moja kwa kila mtoto. Hata ya bei rahisi. Mkiwa na moja tu mtakuwa mnaamua ugomvi badala ya kutafuta simba.

Jaketi na soksi. Uko karibu na ikweta lakini pia uko kama mita 1,800 juu, asubuhi ni baridi kweli. Wazazi wa Mombasa haswa nawaambia nyinyi.

Chakula kisichomwagika. Mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa, viazi, njugu, ndizi. Soda na mtindi ziache nyumbani, barabara ina matuta.

Poti ya mtoto. Hili watu wanacheka alafu wanajuta. Huruhusiwi kushuka popote unapotaka, na vyoo viko sehemu chache, sasa mtoto akisema "nataka kukojoa" mkiwa katikati ya nyati utafanya nini? Poti yenye kifuniko na taulo ndogo yenye maji, basi.

Ongezea kofia, mafuta ya kukinga jua, dawa ya kichefuchefu kwa mtoto anayetapika garini, kijitabu cha ndege na wanyama, na ramani ya karatasi, uliza getini. Mtandao unakuja na kupotea.

## Hatua ya 1: Chagua wakati, alafu kata ratiba katikati

Januari na Februari, na Juni mpaka Septemba, nyasi ni fupi na wanyama wanaonekana. Machi mpaka Mei kuna mvua ndefu, barabara zinakuwa mbaya lakini watu ni wachache.

Sasa chukua karatasi uandike kila kitu unachotaka kuona. Faru, simba, sokwe, viboko, ikweta, kila kitu. Kisha futa nusu. Sitanii. Kwa siku moja familia yenye watoto chini ya miaka kumi inaweza vitu vitatu: mzunguko mmoja wa asubuhi, sehemu moja ya kushuka na kutembea, na mzunguko mfupi wa jioni. Cha nne ndicho kinacholeta machozi.

Usijaribu kwenda na kurudi Nairobi siku moja. Ni karibu kilomita 200 kila upande, utafika wanyama wameshaingia kivulini na watoto wameshachoka na gari kabla safari yenyewe haijaanza. Lala Nanyuki mjini kama bajeti ni ndogo, ama ndani ya hifadhi kama inaruhusu, kuna kampu za mahema yako mwenyewe mpaka hoteli kama Sweetwaters Serena yenye kidimbwi cha maji mbele ya mahema, watoto wanakula huku wanaangalia twiga.

## Hatua ya 2: Lipa na buku kabla hujatoka nyumbani

Kiingilio lipia mtandaoni kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe, bei zinabadilika kwahivyo usiamini ile ya rafiki yako wa mwaka jana. Soma kama tiketi inahesabu siku ama masaa. Fikiria malipo yote kuwa ya simu ama kadi.

Kitu ambacho watu wengi hawajui: kiingilio si kila kitu. Kuwaona wale faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani kwa karibu, kufuatilia simba na watafiti, kuona mbwa wa kikosi cha ulinzi, game drive ya usiku (kuzunguka na gari kuangalia wanyama), hizo zote zinabukiwa na kulipiwa kando na nafasi ni chache. Uliza pia umri wa chini wa mtoto kwa kila shughuli KABLA ya kulipa. Ukifika na mtoto wa miaka mitano wakamkataa, mzazi mmoja atabaki naye kwa gari.

Umefaulu hapa kama una risiti zote kwa simu, zimehifadhiwa bila kuhitaji mtandao, na mtu mwingine kwa gari anazo pia.

## Hatua ya 3: Ingia Nanyuki mapema jioni ya kwanza

Njia ni Thika, Kenol, Sagana, Karatina, Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki. Hesabu masaa manne, na moja zaidi kwa vituo vya watoto. Mlima Kenya utakuwa kulia kwenu kama mawingu yataruhusu.

Jaza mafuta Nanyuki. Angalia upepo wa tairi pamoja na ile ya spea, na jeki iwepo. Usipange kununua petroli ukiwa ndani.

## Hatua ya 4: Usiku huo waeleze watoto wataona nini na kwa nini

Hii hatua ni bure na ndiyo inarukwa zaidi. Mtoto ambaye hajaambiwa kitu anategemea vitu vya televisheni, simba akimrukia nyati kila dakika tano. Ukimpa kazi ya kufanya anatulia.

Mfundishe kutofautisha faru. Wote wawili ni wa kijivu, rangi usiitegemee kabisa. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole, anaushikia majani ya vichaka, kwahivyo kichwa chake kiko juu. Faru mweupe ana mdomo mpana ulio sawa, anakula nyasi, kichwa kiko chini muda mwingi. Wakikimbia, ndama wa faru mweupe mara nyingi anatangulia mama, wa faru mweusi anafuata nyuma. Ol Pejeta ndiyo yenye hifadhi kubwa kuliko zote ya faru weusi Afrika Mashariki, kwahivyo huu mtihani watoto watapata nafasi ya kuufanya kweli.

Alafu punda milia. Yule wa Grevy ana mistari myembamba, tumbo jeupe, na masikio makubwa ya mviringo. Yule wa kawaida mistari yake ni mipana na inafika mpaka chini ya tumbo. Mpe mtoto daftari, atie alama.

Wataje pia Najin na Fatu, mama na binti, faru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Waliletwa Disemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchi ya Cheki, pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Suni alikufa 2014, na Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 2018. Watoto wanaelewa haya mambo kuliko tunavyofikiria, na watauliza: sasa itakuaje bila dume? Jibu ni kwamba mbegu za madume zilihifadhiwa zikiwa zimegandishwa, wanasayansi wanatoa mayai ya Fatu, wanatengeneza viinitete, yaani mimba changa kabisa, maabara, na mpango ni vibebwe na faru weupe wa kusini. Mama na binti wenyewe hawawezi kubeba mimba.

## Hatua ya 5: Kuwa getini geti likifunguliwa

Angalia saa ya kufungua kwenye tiketi na uwe hapo dakika kumi kabla. Simba na fisi wanatembea kukiwa na baridi, jua likipanda wanalala chini ya kichaka na hata ukipita mita thelathini hutawaona. Kifungua kinywa mle garini mkiwa ndani, si hotelini.

Ukishaingia chagua upande mmoja tu wa ramani na ukae huko asubuhi nzima. Linganisha ramani na vibao vya kwenye njia panda, mpe mtoto mkubwa hio kazi ya kusoma vibao. Nenda taratibu, usizidi kilomita 40 kwa saa hata barabara ikiwa nzuri, na mkiwa mnatafuta nusu ya hapo inatosha.

Onyo: usitoke nje ya barabara hata kama umeona duma na alama za magari mengine zinaelekea huko. Tairi zinaua nyasi na zinabomoa viota vya ndege wa chini, na gari ndogo likikwama kwa udongo mweusi huwezi kushuka kusukuma, kwa sababu hujui nani amelala kwenye nyasi.

## Hatua ya 6: Zima injini

Hii ndio hatua yenyewe. Zingine zote ni maandalizi ya hii.

Tafuta sehemu yenye nyasi fupi za kijani katikati ya vichaka, duara wazi hivi. Ol Pejeta wanafuga ng'ombe wa Borani pamoja na wanyamapori, mchana wanachungwa, usiku wanalala kwenye boma za kuhamishika ambazo simba hapenyi. Boma likihama linaacha mbolea, na pale nyasi zinaota tamu. Swala, pundamilia na ngiri wanazipenda izo sehemu, na palipo na swala simba hayuko mbali. Sasa watoto wakiuliza ng'ombe wanafanya nini mbugani, umeshapata jibu.

Egesha pembeni ya barabara, si katikati. Zima injini, zima redio, fungua vioo kiasi, na ukae dakika ishirini. Dakika tano za kwanza watoto watalalamika. Baada ya hapo macho yanazoea, ndege wanarudi, na unashangaa kile kisiki kumbe kilikuwa ngiri.

Ujue cha kuangalia. Swala wote wakisimama wima wanatazama upande mmoja masikio mbele, angalia huko wanakotazama. Tai wakiwa wengi juu ya mti mmoja wametulia, kuna mzoga chini ama karibu. Ndege wadogo wanaokula kupe wakiruka kutoka kwenye kichaka, pengine wameruka kutoka mgongoni kwa nyati ama faru.

Na kama hakuna mnyama, angalia mti ulio kando ya kioo chako. Kule kuna mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vya mviringo kati ya miiba, kila kinundu kina vitundu vidogo. Ndani wanaishi sisimizi wadogo, wametoboa wenyewe, na upepo ukipita kwenye vile vitundu mti unapiga mluzi. Nyamazeni mtausikia. Ndovu akija kuvunja tawi hao sisimizi wanamwingia puani, anaacha. Ila siku hizi kuna sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa wameingia hapo na wanaua wale wenyeji. Utafiti uliofanywa hapo hapo Ol Pejeta na kuchapishwa 2024 ulionyesha kwamba walipofika, ndovu walivunja miti, uwanja ukawa wazi, simba akakosa pa kujificha, akaanza kukamata punda milia wachache na nyati zaidi. Mdudu mmoja tu. Mtoto wa darasa la tano ukimweleza hii atataka kuchungulia kila mti, na hapo umeshinda siku.

Onyo: kaa angalau mita 20 kutoka kwa mnyama. Ndovu akikugeukia akitandaza masikio na kutikisa kichwa, ama akinyanyua mguu anauzungusha, rudi nyuma polepole bila kupiga honi. Usijiweke kamwe kati ya mama na mtoto wake. Hakuna mtoto kukaa dirishani wala kutoa nusu ya mwili nje, hata kwa picha.

Utajua umefaulu mtoto akianza kukunong'oneza wewe badala ya wewe kumwambia anyamaze.

## Hatua ya 7: Shukeni mahali pamoja, mchague vizuri

Kufika saa tatu unusu, nne hivi, miguu inawasha. Chagueni kimoja:

Kituo cha sokwe cha Sweetwaters kilianza 1993 kwa makubaliano ya hifadhi, shirika la wanyamapori KWS na taasisi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, na wa kwanza waliletwa kutoka Burundi. Sokwe si wanyama wa asili wa Kenya, hawa ni waliookolewa, wengine walikuwa wamefungwa kwenye vizimba miaka. Hakifunguliwi siku nzima, ulizia masaa siku hio kabla hujawaahidi watoto. Na kama kuna mtu ana mafua ama anakohoa, asiingie, abaki garini. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na yanaweza kuwaua. Ukificha kikohozi cha mtoto ili usipoteze zamu, umeenda huko kufanya nini?

Kwa viboko kuna njia ya kutembea kando ya mto Ewaso Ng'iro ukiwa na renja. Ni fupi, ina kivuli, na watoto wanaojua kunyamaza wanaifurahia kuliko game drive. Wa chini ya miaka mitano hapana, naona.

Najin na Fatu ni kama umebuku. Mwanga wa asubuhi ndio mzuri. Waambie watoto wasipige kelele na wafuate mlinzi anavyosema, hapo hakuna "lakini".

Kuna pia makaburi ya faru chini ya mti, mawe yenye majina na jinsi kila mmoja alivyokufa, wengi kwa majangili. Kwa watoto wadogo mimi ningepita. Kwa kijana wa miaka kumi na mbili, simameni msome mawe mawili matatu mrudi garini.

## Hatua ya 8: Mchana lala

Saa sita mpaka saa tisa unusu hakuna kitu cha kukimbiza. Rudini hotelini ama kwenye kampu, watoto walale. Kama mnapumzika sehemu ya pikiniki, kuleni vioo vikiwa vimefungwa ama chakula kiwe mkononi tu, tumbili wana haraka na mmoja akishapewa ndizi leo kesho atamng'ata mtoto wa mtu. Maganda na makombo yote yanarudi kwa mfuko, hata ya chungwa.

## Hatua ya 9: Picha, lakini zima eneo

Kabla ya kupiga faru, ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu na uzime alama ya mahali. Picha ya faru yenye eneo lake ikipandishwa mtandaoni siku ile ile inamwonyesha jangili pa kuanzia. Pandisha ukishafika nyumbani na usitaje ni karibu na njia panda gani. Droni usibebe kabisa.

## Hatua ya 10: Mzunguko wa jioni na kutoka

Ingieni tena kama saa kumi, safari hii karibu na geti ama karibu na mnapolala, kwa sababu giza la ikweta halingoji, saa moja kasorobo ushaanza kuwasha taa. Kuendesha mwenyewe usiku hairuhusiwi. Rudini kwenye ile nyasi fupi ya asubuhi mkae tena, wanyama wale wale wanabadilika kabisa jioni.

Anza kuelekea getini saa moja nzima kabla halijafungwa. Utakutana na kundi la nyati barabarani ama ndovu anayekula bila haraka, na utangoja apite, huwezi kumzunguka.

Gari likiharibika ama likikwama, kaeni ndani wote. Piga namba ya dharura iliyo kwenye tiketi (iandike pia kwenye karatasi, simu inaweza kuzima), taja kibao cha mwisho mlichopita, washa taa za hazadi, na wape watoto zile njugu zilizobaki. Hakuna kutembea kutafuta mtandao, hata kama geti unaliona.